Mwaka wa Bunduki ya Harlan Strohm

Majirani zangu wa bonde hili, na ninyi wengine mtakaoyasoma haya mkiwa mbali, nawaomba mnipe masikio yenu kidogo. Ninayoyasimulia yametokea nyumba ya pili kutoka kwangu. Anayedhani kwamba hayamhusu kwa sababu nyumbani kwake hakuna bunduki, ajitazame vizuri.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi, mlima wote ukiwa mwekundu kwa majani, nilikuwa nimeketi jikoni kwa Verla Strohm baada ya ibada. Kuku alikuwa anachemka pamoja na madonge ya unga, na pai ya tufaha imetolewa kwenye oveni ipoe dirishani. Mumewe Harlan alikuwa amevua viatu, anasoma gazeti. Kila baada ya muda alinyoosha mkono bila kuinua macho, akachota mchuzi kwa mwiko, na Verla akampiga kofi mkononi.

"Dot, hebu mwone huyu," Verla aliniambia. "Mtu mzima na mvi zake, anadokoa kama paka."

"Paka hachanji kuni," Harlan akasema.

"Na wewe za mwaka huu umechanja lini?"

Tulicheka wote watatu. Mimi nilikuwa mjane tayari, na sioni haya kusema kwamba niliwaonea wivu. Walikuwa wameoana tangu Harlan akiwa kijana kwenye kiwanda cha mbao, na sasa amestaafu, binti yao Janelle ameolewa kule Ohio, nao wamebaki wawili. Nilisema moyoni kwamba watu hawa wamefika.

Basi Harlan akaweka gazeti, akatoka na soksi zake hadi kwenye pikapu, akarudi na kitu kirefu kilichofungwa blanketi. Alikinunua jana yake, kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja wa juu mlimani. Akakilaza mezani, katikati ya sahani. Ilikuwa bunduki ya kale, ya mkono wa kukoki, kahawia kuanzia mdomo wa mtutu hadi mwisho.

"Tarbell," alisema, kwa sauti ambayo wengine huitumia kanisani.

Kiwanda cha Tarbell kilifungwa kabla hata mama yangu hajazaliwa, lakini wakusanyaji wa bunduki za zamani bado wanazisaka kama watoto wanavyosaka mayai ya Pasaka. Wanazozisaka kuliko zote ni za mwaka wa kwanza, elfu moja mia nane tisini na mbili. Unazijuaje? Kwa namba. Kila bunduki iligongwa namba yake tumboni, mbele ya kifyatulio, kwa kufuatana jinsi zilivyotoka kiwandani. Mwaka wa kwanza ulikomea katikati ya elfu kumi na nne. Ukiwa na namba ya chini ya hapo, una kitu cha kumfanya mkusanyaji atokwe na machozi. Ukivuka, una bunduki kuukuu ya kutundika ukutani.

Namba ya Harlan ilianza na moja na nne. Tarakimu tatu zilizofuata zilikuwa zimezikwa chini ya mafuta ya zamani yaliyoganda na kutu.

"Si uisugue?" Verla akauliza.

Harlan aliivuta bunduki kifuani kama vile kuna mtu aliyetaka kumpokonya. "Haisuguliwi! Hii rangi ya uzee ndiyo ngozi yake. Ni tone la mafuta, kipande cha pamba, kijiti cha mti, na uvumilivu. Thubutu uone."

Kuku alipoa siku ile. Harlan alikula akiwa amesimama, kisha akateremka chumba cha chini ya nyumba na bunduki yake. Ndugu zangu, kwa namna fulani hakupanda tena.

Simaanishi kwamba alihamia huko. Alilala kitandani mwake, alioga, alikwenda kununua mkate. Lakini jioni zote alikuwa chini, taa imemwinamia, lenzi jichoni, anachokoa kijiti kimoja baada ya kingine, na uchafu wenyewe unatoka punje kwa punje. Verla alipanga sahani mbili na kuita. "Nakuja!" Harlan alijibu, na hakuja. Mwishowe Verla akawa anamwachia chakula kwenye ngazi, kisha anakaa jikoni peke yake na redio, na nikipita nje namwona dirishani anaijibu. Mtangazaji akisema kesho kutakuwa na theluji, Verla anamwambia, "Aa, si ulisema hivyo hivyo juzi?"

Siku Verla alipokwenda kupimwa moyo, nilimpeleka mimi. Harlan alikuwa amepaka mafuta asubuhi hiyo na hakutaka yakauke kabla hajachokoa. Daktari alimwambia moyo ni mzima. Aliporudi alisimama juu ya ngazi akasema, "Harlan, wameona sina tatizo." Akajibiwa, "Vizuri, mpenzi," na taa haikuinuliwa.

"Dot," aliniambia baadaye, "nimeolewa na ngazi. Ndiyo ninayoiona kila siku."

"Mpigie kelele huyo mwanamume!"

"Kelele za nini? Hanitukani, hanipigi, halewi. Nitamshitaki kwa lipi?"

 Na hapo ndipo lilipo tatizo la aina hii, maana halina jeraha la kumwonyesha mchungaji. Mtu anaachwa huku mwenziwe yumo nyumba ileile, na akilalamika anaonekana mdekaji.

Verla hakutaka ugomvi. Alitaka mumewe apande juu. Akajiambia kwamba kinachomweka chini ni zile tarakimu tatu tu, na zikijulikana, mambo yatakwisha.

Ukafika msimu wa kuwinda kulungu. Mnajua jinsi tulivyo. Jumatatu baada ya Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, hata shule hufungwa, na wanaume wote wenye miguu huwa kambini msituni. Harlan naye alikwenda. Verla akateremka chumba cha chini, akaichukua Tarbell, akapanda nayo jikoni.

Sasa lazima mjue jambo moja kuhusu Verla. Hakuna mwanamke wa bonde hili asiyekuwa na kikaango cha chuma kilichopita mikononi mwake. Huvinunua minadani vikiwa na kutu hadi vinatisha, akavisugua kwa mafuta na waya wa masufuria, akavikausha kwenye oveni, na vinatoka vizuri kuliko vipya. Changu nakaangia mayai hadi leo. Kwa hiyo alipoilaza ile bunduki mezani, aliyaona yale yale aliyoyazoea maisha yake yote: chuma kizuri kilichochakaa kwa kukosa mtu wa kukijali. Akaanza na pale penye namba. Penyewe pakang'aa, na pembeni pakabaki kahawia, akaona si vizuri kumpa mumewe kazi nusu. Aliisugua yote.

Namba ilionekana. Akampigia simu Clair Fetterman, mzee ambaye wakusanyaji wote wa huku humwendea wakiwa na swali la Tarbell. Alimsomea tarakimu moja moja. Clair akacheka.

"Verla, hiyo ni ya mwaka wa kwanza. Tisini na mbili kabisa! Mwambie Harlan leo sitalala kwa wivu."

Alhamisi Verla aliniita nije nione uso wa Harlan atakaporudi. Alikuwa amevaa blauzi ya kwendea kanisani. Mezani palikuwa na keki, na juu yake ameandika kwa sukari nyeupe: 1892. Sikumbuki lini nilimwona na furaha kama ile, alikuwa anazungukazunguka jikoni, mara anyooshe kitambaa, mara achungulie barabarani.

Harlan aliingia ananuka moshi na sufu iliyolowa, hana kulungu. Akaitazama keki.

"Tisini na mbili? Nini hii?"

"Mwaka wake," Verla akasema. "Nimeuliza kwa Clair. Ni ya mwaka wa kwanza, Harlan!"

Ndugu zangu, alimnyanyua juu, mke wake wa miaka yote hiyo, akamzungusha hadi kiti kikaanguka, na Verla anapiga kelele, "Niteremshe, mgongo wako, mjinga wewe!" Nilitokwa na machozi kwa kucheka. Kisha Harlan akamweka chini, na uso ukaanza kubadilika.

"Umeisomaje?"

Verla akavuta taulo lililokuwa juu ya kabati. Bunduki ilikuwa nyeupe, inametameta kuanzia mtutu hadi mwisho, kama kijiko kilichotoka dukani.

Harlan hakusogea.

"Umeisugua."

"Taratibu kabisa, na mafuta. Sikukwaruza hata..."

"Umeisugua yote."

"Ningeacha nusu ingekuwa na kiraka, Harlan."

Aliishika, akaipindua, akaiangalia namba.  Alipozungumza hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza.

"Heri ungechoma nyumba," alisema. "Humu ndani hiki ndicho kitu pekee kilichonifanya nitamani kurudi."

Niliona aibu ya kuwepo.  Verla alichukua kisu, akanikatia kipande kikubwa cha keki, akakifunga vizuri, akaniwekea mkononi. "Nenda nyumbani, Dot," alisema. Nilikwenda. Kile kipande sikuweza kukila, na nilishindwa pia kukitupa.

Kesho yake Janelle alikuja na gari kutoka Ohio. Verla alitoka na sanduku moja na vikaango viwili. Harlan alikuwa chini. Alisikia viatu vikipita juu ya kichwa chake, alisikia mlango, alisikia gari likiondoka, na alibaki palepale akipima uharibifu. Haya aliniambia mwenyewe, baadaye sana, wakati hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Mwezi wa pili yalifika maonyesho ya bunduki za zamani kwenye ukumbi wa zimamoto, na mimi kama kawaida nilikuwa kwenye meza ya pai na kahawa. Harlan aliingia na Tarbell yake blanketini, akaenda moja kwa moja kwa Clair Fetterman. Wanaume wakasogea. Blanketi lilipofunguliwa, mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema, "Lo, wamemchuna ngozi maskini!" Wengine wakavua kofia kwa mzaha kama vile wako mazikoni.

Clair hakucheka. Aliweka lenzi jichoni, akaitazama namba muda mrefu. Aliangalia maandishi ya mtutu, akaangalia skrubu moja moja.

"Namba ni ya mwaka wa kwanza," alisema mwishowe. "Na mtutu unalingana nayo. Ningekuwa na uhakika, Harlan, ningesema ni halisi."

"Kwa nini huna uhakika? Namba si hiyo, inasomeka!"

"Inasomeka mno. Namba ya zamani ina kingo zake, ina uchafu wake ndani, ina uzee sawasawa na chuma kilichoizunguka. Hizo ndizo tunazozitazama, kwa sababu wapo matapeli wanaogonga namba upya. Hii imesuguliwa kingo zote. Inaweza kuwa iligongwa mwaka wa tisini na mbili, inaweza kuwa iligongwa Jumanne iliyopita. Mimi nakuamini wewe, lakini siwezi kuweka jina langu."

"Hakuna namna?"

Clair akavua lenzi. "Aliyeiona kabla haijang'aa ni nani? Yule aliyeisugua aliiona ikitoka kwenye uchafu, tarakimu kwa tarakimu. Huyo ndiye shahidi wako. Mlete, tumsikilize." Kisha akatupa macho kwenye meza yangu. "Kwani Verla yuko wapi? Mwaka huu sijaiona pai yake."

Harlan aliifunga bunduki yake akatoka bila kumjibu.

Jioni hiyo simu ililia nyumbani kwa Janelle. Verla aliniambia kwamba aliposikia sauti ya Harlan alilazimika kukaa chini. Tangu aondoke hakuwa amempigia hata mara moja. Verla alikuwa ameshayapanga majibu yake. Angemwacha aombe msamaha, angejifanya anafikiri, kisha angesema ndiyo. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, hakuwahi kulifungua lote.

"Verla," Harlan akasema, "ile namba, ulipoisugua, uliona tarakimu ipi kwanza? Na ndani yake palikuwa na kutu au mafuta? Clair anataka umwambie. Unaweza kuja Jumamosi?"

Verla aliniambia alingoja. Alidhani labda haya ni ya kutangulia tu, kwamba Harlan amezunguka kwa sababu ya aibu na jambo lenyewe linakuja. Alimsikiliza akipumua.

"Kuna lingine, Harlan?"

"Hapana. Ni hilo tu."

"Palikuwa na mafuta," Verla akasema, akakata simu. Siku hiyo alilifungua sanduku, akatundika nguo zake zote.

Nina hasira na Harlan hadi leo ninapoyaandika haya. Mlango ulikuwa wazi! Neno moja lingetosha, hata lile la kijinga, hata "chakula changu kinaungua bila wewe". Na mwanamume yule alikuwa nalo mdomoni, nawaapia, maana alimpenda. Lakini alikuwa amezoea kuitazama dunia kupitia kijitundu kile cha lenzi, na Verla hakuenea humo.

Theluji ilikaa hadi mwezi wa nne mwaka ule. Nyumba ya Strohm ilikuwa na taa moja tu, na siku hizi taa hiyo ilikuwa ya jikoni. Harlan alipanda juu, ndiyo, lakini juu hapakuwa na mtu. Nilimpelekea supu mara kadhaa nikamkuta amekaa kwenye kiti chake kilekile, redio imezimwa. Aliniambia kwamba kimya cha nyumba kinamwamsha usingizini. Alianza kuniuliza vitu. Verla alikuwa ananunua wapi kahawa? Yale maua ya kibarazani yanamwagiliwa lini? Ni dawa gani ile aliyokuwa anameza asubuhi? Nikamwambia, "Harlan, hayo unaniuliza mimi?"

Barabara zilipofunguka alipiga moyo konde. Alinyoa, akavaa koti la harusi za watu, akaendesha pikapu hadi Ohio. Safari hii alikuwa na maneno yote tayari: nimekosa, rudi, nisamehe.

Verla mwenyewe alifungua mlango. Alikuwa amenenepa kidogo na amekata nywele. Hakumfokea. Alimkaribisha, akamwekea kahawa na mkate wenye nyama, akamuuliza habari za barabara. Harlan aliniambia kwamba alipoona upole ule alitamani afukuzwe, kwa sababu ulikuwa upole tunaompa fundi aliyekuja kutengeneza bomba.

Mjukuu wao, Corrie, akaja akasimama mbele yake, akamkagua kuanzia viatu hadi nywele.

"Wewe ndiye babu wa bunduki?"

"Ndiye mimi."

"Bibi anasema unaweza kuangalia bunduki ukajua ina miaka mingapi."

Harlan akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa kulungu. "Naweza. Kila moja ina namba yake."

Mtoto akajinyoosha, mikono mgongoni. "Haya, mimi nina miaka mingapi?"

 Kadi za siku ya kuzaliwa ya mtoto huyu alikuwa akiziandika Verla kila mwaka, na kuweka majina yote mawili. Harlan alimtazama Janelle, na Janelle akatazama sakafu. Akamtazama Verla, na Verla alikuwa anamtazama bila hasira yoyote, anangoja tu kama alivyongoja siku ile kwenye simu.

"Mitatu?" Harlan akasema.

"Mitano!" Corrie akacheka. "Hata shule nimeanza!" Akageuka akaenda zake kucheza.

Harlan alikuwa na maneno yote tayari, na hakusema hata moja. Alimaliza kahawa, akashukuru. Verla alimfungia mkate uliobaki ale njiani, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia aendeshe polepole.

Verla hakurudi. Anapika jikoni kwa shule moja huko, na akinipigia simu namsikia anacheka na watu nyuma yake. Harlan yuko hapa. Tarbell bado anayo, hakuna aliyetaka kuichukua. Jumapili baada ya ibada anabaki kwenye benchi hadi wote tumetoka, na nikimwita anasema, "Tangulia, Dot, sina haraka. Nyumbani hakuna anayeningoja."

FUNZO

Wapo watakaosema Verla naye alikosea, kwamba aligusa kisicho chake bila kuuliza. Ni kweli alikosea. Lakini yeye alikosea siku moja kwa kumtafuta mumewe, na mumewe alikosea kila jioni kwa kutomtafuta, na makosa haya mawili hayalingani.

Sisemi tusipende vitu. Penda bunduki, penda ng'ombe wako, penda gari, penda hata hiyo televisheni. Ninachosema ni kwamba upweke mbaya kuliko wote ni wa mtu anayeishi na mwenziwe chini ya paa moja na haulizwi habari zake. Huo haupigi kelele. Unakaa kimya, unapanga sahani mbili, na siku ukiusikia, tayari umefunga sanduku. Kitu kilichosubiri miaka mia kwenye kutu kingeweza kungoja wiki nyingine. Mtu hangoji hivyo, hata akiwa mvumilivu kama Verla.

Basi wewe unayesoma, kama kuna mtu nyumbani kwako, liweke hili chini uende ukamuulize siku yake imekuwaje. Na akianza kujibu, kaa hadi amalize.